Kabla ya kukopa ili ununue kadi ya michoro, ipime tarakilishi yako

MPWA wangu anayeishi Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi, alinipigia simu Jumapili moja jioni, sauti yake imejaa bashasha.

"Mjomba, wamekubali," akasema hata kabla hatujamaliza kujuliana hali.

Chama chao kilikuwa kimeidhinisha mkopo wa Sh40,000, na kesho yake alinuia kuabiri matatu ya asubuhi hadi katikati mwa jiji, aende moja kwa moja Luthuli Avenue kununua kadi ya michoro ya tarakilishi yake. Dhamana aliyoiweka ni kamera yake, ambayo ndiyo jembe lake la pekee.

Kijana huyo hupiga video za harusi, ruracio na mazishi. Upigaji wenyewe ni wa siku moja, lakini uhariri humkesha juma zima, kwani video hugandaganda kila anapojaribu kuikata na feni ya tarakilishi hunguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Wenzake walimwambia kwamba tiba ni kadi ya michoro, ile ambayo vijana huiita GPU, na wakamtajia hata aina: RTX 3060 ya Nvidia.

Nilimsihi angoje siku tatu. Mimi si mhandisi, ila mtu aliyeketi kwenye meza ya uhariri kwa zaidi ya miongo miwili huzoea kuuliza swali moja kwa kila taarifa inayomfikia: umejuaje? Mpwa wangu hakuwa amejua. Alikuwa ameambiwa.

Nimeona vyema kuwaeleza wasomaji tuliyoyapata katika siku hizo tatu, kwa kuwa najua si yeye pekee anayesimama mbele ya kaunta za Luthuli akiwa na pesa za kukopa na jina la kadi lililoandikwa kwenye rununu.

Kwanza, kadi hii ni kitu gani? Kila tarakilishi ina prosesa, ambayo ndiyo bongo lake. Prosesa ni hodari wa kutekeleza amri ngumu moja baada ya nyingine. Kadi ya michoro, kwa upande wake, imesheheni vichakataji vidogo kwa mamia au maelfu, ambavyo hufanya hesabu nyepesi nyingi kwa wakati mmoja.

Profesa mmoja wa hisabati hawezi kujumlisha hesabu elfu moja za darasa la nne upesi kuliko ukumbi uliojaa wanafunzi wa darasa la nne. Hiyo ndiyo tofauti.

Skrini ya kawaida ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili. Mchezo wa tarakilishi unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hudai rangi za vitone takriban milioni 124 kila sekunde. Kazi ya namna hiyo hugawika vizuri, na ndiyo maana kadi huiweza.

Hata hivyo, kadi haiwezi kuharakisha kazi isiyogawika, wala haiwezi kumsaidia mtu ambaye tarakilishi yake inasubiri diski iliyozeeka isome faili. Anayeandika barua, kujaza hesabu za duka, kusoma gazeti hili mtandaoni au kutazama filamu hana haja ya kadi ya ziada. Sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa nyingi inamtosha na kusaza.

Tulianza kwa kupima. Katika Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, RAM na diski zinavyotumika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, Windows 10 huonyesha pia matumizi ya kitengo cha michoro. Kipimo hiki hakigharimu hata senti moja, lakini sharti kifanywe wakati kazi inayokusumbua inaendelea. Kupima tarakilishi iliyotulia ni sawa na kupima joto la mgonjwa baada ya homa kumtoka.

Mpwa wangu alifungua video ya harusi akaanza kuikata. Kitengo cha michoro kilikuwa kimefika karibu theluthi moja tu ya uwezo wake. RAM, ambayo ilikuwa GB 8, ilikuwa imejaa pomoni. Diski, ya aina ya zamani inayozunguka, ilikuwa kwenye asilimia 100 na haikushuka. Prosesa nayo ilipanda hadi kileleni kila video ilipochezwa.

RAM inapojaa, tarakilishi huhamishia mzigo unaozidi kwenye diski, na diski inayozunguka ni polepole mno kwa kazi hiyo. Ndipo tulipoelewa kwa nini kila kitu kilikuwa kikiganda, hata kishale cha kipanya.

Suala la prosesa lilikuwa na siri yake. Sehemu ya video zake hupigwa kwa rununu, na rununu nyingi za sasa huhifadhi video kwa mfumo wa H.265, ambao huibana sana ili ichukue nafasi ndogo. Kuifumbua kunahitaji nguvu. Intel iliweka sakiti kamili ya kuifumbua H.265 kuanzia kizazi cha sita cha prosesa zake, kilichotoka mwaka 2015. Yake ni ya kizazi cha nne, cha mwaka 2013. Kwa hiyo prosesa hiyo maskini ilikuwa ikiifumbua kila picha kwa mabavu.

Hapa lazima niwatendee haki wenzake. Kadi za Nvidia kuanzia mfululizo wa GTX 1050, uliotoka mwaka 2016, zina sakiti ya kufumbua H.265, na zingempunguzia prosesa mzigo iwapo programu anayotumia inajua kuzitumia. Hawakukosea kabisa. Walichosahau ni kwamba programu zote kubwa za uhariri wa video huruhusu mtu kutengeneza nakala nyepesi za video zake, akate na kuunga kwa nakala hizo, kisha programu irejee kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi iliyokamilika. Hilo halilipiwi.

Kwa wachezaji wa michezo ya tarakilishi kuna kipimo kingine ambacho hukata shauri kwa dakika tano. Punguza idadi ya vitone vya mchezo, tuseme kutoka 1,920 kwa 1,080 hadi 1,280 kwa 720, kisha utazame idadi ya picha kwa sekunde. Ikipanda sana, basi kadi ndiyo iliyolemewa, na kadi bora itakusaidia. Ikibaki pale pale, prosesa ndiyo inayokawia, na kadi ya Sh100,000 haitabadilisha lolote la maana. Sababu ni kuwa kupunguza vitone kunaipunguzia kazi kadi, wala hakuipunguzii prosesa.

Wapo ambao kadi kwao ni chombo cha kazi, si anasa. Msanifu majengo wa Kilimani au Westlands anayetaka kumwonyesha mteja nyumba jinsi itakavyong'aa jua la saa kumi, mwanafunzi anayetumia Blender kuunda katuni, na anayejaribu kuendesha programu za akili unde nyumbani bila kutegemea intaneti, wote hao watasubiri saa nyingi kwa prosesa pekee pale ambapo kadi ingemaliza kwa dakika. Kwao swali huwa ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kazi ikizidi kumbukumbu hiyo, ama programu hukataa kuifanya, ama mwendo hudidimia. Ndiyo maana kadi ya polepole kidogo yenye GB 12 huweza kumfaa msanifu kuliko ya kasi yenye GB 8.

Mpwa wangu hakuwa miongoni mwa hao. Lakini hata angekuwa, kulikuwapo na kizuizi kingine, nacho kilikuwa sanduku lenyewe.

Tarakilishi nyingi za mezani zinazouzwa Nairobi kwa bei nafuu ni zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, zikasafishwa na kuletwa huku kwa jina la ex-UK, hata kama hazijapata kuiona Uingereza. Ni HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre na nyinginezo za aina hiyo. Ni mashine imara, na sina neno baya nazo. Ila ziliundwa kwa ajili ya makarani. Nyingi ni masanduku membamba ambayo hupokea kadi za kimo cha nusu tu, na kifaa cha kusambaza umeme ndani yake, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, aghalabu huwa cha wati 240 hadi 290.

Nafasi ya kuchomeka kadi kwenye bodi kuu hutoa umeme usiozidi wati 75, na katika baadhi ya masanduku madogo watengenezaji huweka kikomo cha chini zaidi. Kadi inayodai zaidi ya hapo huhitaji waya wa ziada kutoka kwa pawasaplai. RTX 3060 hudai wati 170. Sanduku la mpwa wangu lilikuwa na pawasaplai ya wati 240 na halikuwa na waya huo. Isitoshe, tulipochukua rula tukagundua kuwa kadi yenyewe isingeingia, kwa urefu wala kwa kimo.

Angeyajua hayo wapi? Angeyajua akiwa amesharudi Kangemi, kadi mkononi, mkopo mgongoni.

Fundi mmoja tuliyemuuliza alisema hilo si tatizo, kwamba angetumia kiunganishi cha kugeuza waya za diski ziwe waya za kadi, kisha aache sanduku wazi. Nilimshukuru tukaondoka. Kiunganishi hicho hakiongezi hata wati moja kwenye pawasaplai. Kinachofanya ni kupitisha umeme mwingi katika waya ambazo hazikukusudiwa kuubeba, na waya hizo huyeyuka.

Mwenye sanduku jembamba na anayehitaji kadi kwa kweli hajakosa njia. Zipo kadi za kimo cha nusu zinazotosheka na umeme wa bodi: GT 1030 yenye wati 30, baadhi ya matoleo ya GTX 1050 Ti na GTX 1650 yenye wati 75, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024, ambayo hutumia wati 70. Ya AMD iitwayo RX 6400 nayo huingia vizuri, lakini mhariri wa video aikwepe. Kadi hiyo, pamoja na dada yake RX 6500 XT, haina sakiti ya kubana video inayotolewa, na hutumia njia nne tu za mawasiliano na bodi kuu, hivi kwamba hupoteza sehemu ya kasi yake katika tarakilishi za zamani.

Sasa tushuke jijini. Luthuli Avenue, ambayo mwaka 2019 ilipunguziwa nafasi ya magari ili wanaotembea kwa miguu wapate kupumua, ndiyo soko linalojulikana zaidi la vifaa vya elektroniki katikati mwa Nairobi. Madalali hukupokea barabarani na kukupandisha ngazi hadi kwenye vibanda vilivyogawanywa kwa vioo, kila kimoja kikiwa na mwenyewe. Wafanyabiashara waaminifu wamo tele. Wamo pia wanaouza mbuzi kwenye gunia, na kadi za michoro ni gunia zuri.

Hila ya kwanza ni ya kadi bandia. Kadi kuukuu, kwa mfano GTX 550 Ti ya mwaka 2011, hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa tarakilishi kuwa GTX 1050 Ti. Windows huamini. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo tangu mwaka 2018 huzitambua nyingi za kadi hizo na kuandika wazi kuwa ni feki. Ibebe kwenye kidude cha USB, umwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye tarakilishi ya dukani, uiendeshe programu hiyo mbele yake. Akikataa, amekujibu.

Hila ya pili si hila hasa, kwani kila kitu kimeandikwa kwenye boksi. GT 730, kadi ya mwaka 2014, huuzwa ikiwa na maandishi makubwa ya GB 4. Mnunuzi huiona na kudhani ni sawa na GTX 1650 ambayo pia ina GB 4. Kumbukumbu ya GT 730 hizo huwa ni DDR3 ya polepole, na kichakataji chake ni dhaifu mno kuweza kuzitumia GB hizo. Ni kama kumjengea kuku mmoja banda la kuku elfu. Vilevile, GT 1030 ina matoleo mawili yenye jina lile lile: la GDDR5, ambalo linafaa, na la DDR4, ambalo kasi yake ni duni sana. Nayo RX 580 inayoandikwa 2048SP si RX 580 kamili. Kwa uwezo iko karibu na RX 570. Soma maandishi madogo.

Ya tatu inahusu kadi zilizochoka. Kati ya mwaka 2020 na 2022, kadi ziliadimika kote duniani, sababu mojawapo ikiwa ni watu waliozitumia usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali. Mnamo Septemba 15, 2022, mtandao wa Ethereum uliacha mfumo uliohitaji kadi hizo, na kadi nyingi zikamiminika sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu. Ila feni zake na gundi ya kupitisha joto huwa zimechakaa. Omba iendeshwe dukani kwa mzigo mzito kwa robo saa, ukitazama kama kuna vitone au mistari ya ajabu kwenye skrini, na usikilize feni.

Dai risiti yenye nambari ya kadi na muda wa waranti. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 humkataza muuzaji kudanganya kuhusu bidhaa, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, lakini bila risiti utamshtaki nani? Maduka ya Westlands mara nyingi huwa ghali zaidi ya Luthuli. Sehemu ya bei hiyo ni karatasi hiyo. Bei za mtandaoni za Dubai au Marekani nazo zisikupotoshe, kwani VAT pekee nchini ni asilimia 16, kabla ya usafirishaji na ada nyingine za forodha.

Kuhusu umeme, kadi ya wati 170 ikitumika kwa saa nne kila siku hula takriban yuniti 20 kwa mwezi. Si mzigo wa kuvunja nyumba, ila uuhesabu. Linalonitia hofu zaidi ni umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo. Nchi nzima ilikaa gizani Agosti 25, 2023, kisha tena Novemba na Desemba mwaka huo huo, bila kuhesabu yale mafupi ya mitaani ambayo hayafiki magazetini. Kama una UPS, kumbuka kuwa nambari kubwa iliyoandikwa juu yake ni VA, wala si wati. Ile ndogo ya VA 650 aghalabu haivuki wati 400, na tarakilishi yenye kadi kubwa pamoja na skrini yaweza kuikaribia au kuizidi.

Tulibakiwa na swali la umri, ambalo mpwa wangu hakulipenda. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache mno. Nvidia nayo, mwezi huo huo, ilimaliza kutoa maboresho ya kawaida ya draiva kwa kadi za enzi ya GTX 1050, ikiahidi marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. Kuweka kadi ya Sh38,000 ndani ya mashine ya mwaka 2013 ni kumvika mzee viatu vya mbio.

Alinijibu, na jibu lake lilikuwa na mashiko, kwamba kadi huweza kuhamishwa hadi tarakilishi ijayo. Ni kweli. Sharti tarakilishi hiyo ijayo iwe na sanduku kubwa na pawasaplai ya kutosha, na kama ndivyo, nilimwambia, ingefaa sanduku litangulie na kadi ifuate.

Mkopo hakuuchukua. Alitumia Sh8,500 za akiba yake kununua diski ya SSD na RAM iliyotumika ya kufikisha GB 16, akajifunza pia kutengeneza zile nakala nyepesi. Bahati ilimwangukia kwa kuwa mashine yake hutumia RAM ya kizazi cha zamani. RAM za kisasa zilianza kupanda bei kwa kasi mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza macho kwenye mashine za akili unde. Kamera bado iko mabegani mwake.

Kukata na kuunga sasa hufanyika bila kuganda. Kutoa video iliyokamilika bado huchukua zaidi ya saa mbili, kwa kuwa prosesa ni ile ile, kwa hivyo huianzisha usiku anapokwenda kulala na kuipata asubuhi.

Juzi alinipigia tena. Ameona sanduku kubwa la kizazi cha nane katika duka fulani karibu na Moi Avenue, na anasema lina nafasi ya kadi. Nimemwomba anitumie picha ya kibandiko cha pawasaplai.